Legion 5 ya laki tisa: usitume hela kabla ya kuiona

Ndugu, nimekuelewa: umepewa laptopu ya gemu, Lenovo Legion 5 iliyotumika, yenye RTX 3060 (GPU, yaani chipu ya kuchora picha za gemu) na RAM ya GB 16, kwa laki tisa, nusu ya bei ya wengine, na muuzaji anataka utume hela leo. Usitume. Nenda ukaione.

Beba gemu lako kwenye diski ya nje, chomeka chaja, ucheze nusu saa nzima huku programu ya GPU-Z ikikuonyesha joto na wati. Hapa ndipo watu wengi hupigwa. RTX 3060 za laptopu hazilingani: kila mtengenezaji huiwekea kiwango chake cha umeme, kuanzia wati 60 hadi 115, na jina linabaki lile lile. Legion 5 huwekewa kiwango cha juu, kwa hiyo ikikwama kwenye wati 60 katikati ya gemu zito, shuku chaja isiyo yake (ya kwake ni tofali zito la wati 230 au zaidi) au feni zilizochoka.

Ukiona mistari ya rangi kwenye kioo, au ikijizima ghafla, ondoka. GPU imechomelewa kwenye mazabodi. Ikifa, unanunua bodi nzima.

Betri kuchoka si tatizo, mpunguzishe bei. Ila ikiwa imevimba na kuinua pedi ya kipanya, usiichaji, hiyo inaweza kushika moto. Aitoe fundi kwanza.

Mwisho, ingia BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila na muuzaji haijui, wala hana risiti, huenda ni ya wizi, na polisi watakaokuja watakukuta nayo wewe. Hapo hata kwa laki mbili mimi singeichukua.