Programu ya picha ikisahau mipangilio yako, itazame saa ya faili

Nilipoanza kazi ya kusafisha picha, kila asubuhi nilikuwa na kibarua kisicho na malipo: kupanga upya meza yangu. Paneli nilizozibana pembeni jana zimetawanyika, brashi laini niliyoitengenezea ngozi haipo, njia za mkato za kibodi zimerudi zile za kiwandani. Napanga, nachapa kazi, nafunga. Kesho yake ni kama sijawahi kuigusa ile kompyuta. Nikaiondoa programu na kuisakinisha upya mara tatu, na mara zote tatu mambo yakawa yale yale.

Nawaandikia ninyi mnaoanza sasa ili msipite njia hiyo ya kusakinisha upya, maana ndiyo ushauri wa kwanza mtakaopewa na karibu kila mtu, na mara nyingi hausaidii kitu. Kwa kawaida mipangilio yako haikai pamoja na programu. Inakaa kwenye folda ya akaunti yako, na programu nyingi zikiondolewa huiacha folda hiyo pale pale. Kama ndani yake mna faili lililoharibika, usakinishaji mpya utalikuta na kulisoma tena.

Unapobadilisha kitu, badiliko hilo linakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukikatika. Baadaye programu huliandika kwenye faili. Basi jiulize mawili: linaandikwa lini, na linaandikwa wapi. Karibu kila kisa nilichowahi kukitatua kiliishia kwenye moja ya hayo.

Tuanze na lini. Photoshop huandika mapendeleo yake inapofungwa. Ukirekodi vitendo vyako, yaani mfululizo wa hatua unaoweza kuurudia kwa bofyo moja, saa mbili asubuhi na programu ikaganda saa kumi jioni, vimekwenda na maji, hata kama kila picha uliihifadhi. GIMP, programu nyingine ya picha, ina tabia mbili kwa wakati mmoja: yale unayobadilisha kwenye dirisha la mapendeleo huandikwa ukibofya Sawa, katika faili linaloitwa gimprc, lakini mpangilio wa madirisha na paneli huandikwa unapotoka, katika sessionrc. Ndiyo maana mtu anakuambia, “Mbona rangi ya programu imebaki nyeusi nilivyoiweka lakini paneli zimerudi zilikokuwa?” Hayo ni mafaili mawili tofauti, na kila moja lina wakati wake wa kuandikwa.

Kosa langu mimi lilikuwa hapo kwenye kutoka. Jioni nilikuwa na haraka. Nilikuwa nabofya alama ya kufunga, dirisha linatoweka, nami papo hapo naagiza kompyuta izimike. Skrini ya buluu ya Windows ilikuwa inaniambia kwamba kuna programu bado haijafunga, na chini yake kuna kitufe cha kuzima hata hivyo. Nilikibofya kila siku bila kusoma. Dirisha kutoweka si sawa na programu kumaliza. Nyuma ya pazia ilikuwa bado inaandika, nami nimeshaikaba koo. Siku niliyoacha ikamilike yenyewe, sekunde ishirini hivi, tatizo la wiki tatu likaisha. Sikumwambia mtu yeyote ofisini.

Nilijuaje? Nilitazama tarehe ya faili, na hicho ndicho kipimo ninachotaka ukishike kabla ya kingine chochote. Kwenye Windows andika %APPDATA% katika upau wa anwani wa dirisha la mafaili. Utaona folda ya Adobe, ya GIMP na kadhalika. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option ukifungua menyu ya Go, na Library iliyofichwa itajitokeza. Mipangilio ya Photoshop imo ndani ya Preferences. Kwenye Linux anza na folda ya .config nyumbani kwako. Ukishaifikia folda ya programu yako, panga mafaili kwa tarehe ya kubadilishwa.

Sasa fanya jaribio. Fungua programu, badilisha kitu kimoja kidogo tu, kwa mfano, kwenye Photoshop, kipimo cha rula kutoka pikseli kwenda sentimita. Tazama saa. Funga programu kwa menyu, subiri, kisha rudi kwenye folda. Je, kuna faili lililobadilika dakika hiyo? Ukifungua tena, je, rula bado ni sentimita?

Kama saa imebadilika na sentimita imebaki, programu yako ni nzima. Tafuta kosa kwenye namna unavyofunga: kuganda, kuzima kwa nguvu, betri kuisha.

Kama saa haijabadilika kabisa, programu imeshindwa kuandika, au inaandika mahali pengine. Kwanza hakikisha diski haijajaa. Naona aibu kulitaja, lakini programu za picha hutumia diski kwa mafaili ya muda makubwa mno, na diski ikijaa, faili dogo la mipangilio nalo linakosa nafasi. Kisha tazama mmiliki wa faili. Kwenye Linux nimemkuta kijana aliyeendesha GIMP kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, siku moja tu, “ili ikubali”, na tangu siku hiyo baadhi ya mafaili ndani ya folda yake yakawa mali ya root, akaunti ya msimamizi. Programu ikawa inayasoma vizuri, ila haina ruhusa ya kuyaandika. Ukimrudishia umiliki kwa amri ya chown, kazi imekwisha.

Windows ina kisa chake cha aina hiyo, na huwapata sana watumiaji wa kompyuta za ofisi. Fundi anakuja, anaweka nenosiri lake la msimamizi ili kusakinisha, kisha anaifungulia programu pale pale. Programu hiyo inaendeshwa kwa jina la fundi. Wewe unakaa, unapanga kila kitu, na vyote vinaandikwa kwenye folda ya fundi. Kesho unafungua kwa jina lako na hukuti chochote. Havijapotea, viko kwa jirani.

Halafu kuna wale wa programu za kubeba, zisizohitaji kusakinishwa. Umeipakua ikiwa imebanwa katika faili la zip, ukaingia ndani ya zip kana kwamba ni folda ya kawaida, ukabofya programu mara mbili, ikafunguka. Umefurahi. Lakini Windows imeinyofoa na kuiweka kwenye folda ya muda, na programu za aina hii huhifadhi mipangilio kandokando yao wenyewe, yaani humo humo kwenye folda ya muda. Ukifungua tena kutoka kwenye zip, inanyofolewa upya. Toa kila kitu kwenye zip kwanza, weka kwenye folda yako, ndipo uendeshe.

Hali ya tatu ndiyo inayotesa watu: saa ya faili imebadilika, lakini sentimita imerudi pikseli. Maana yake kuna kitu kinaandika juu ya kazi yako. Mshukiwa wa kwanza ni kitufe au alama ya tiki. Matoleo ya karibuni ya Photoshop yana kitufe, kwenye mapendeleo ya jumla, cha kurudisha mapendeleo ya mwanzo utakapotoka. GIMP nayo ina chaguo la kuhifadhi au kutohifadhi nafasi za madirisha unapotoka; likiondolewa tiki, itarudia mpangilio wa zamani hata ufanye nini. Mshukiwa wa pili ni programu za “kusafisha” kompyuta, ambazo mimi binafsi siziweki kwenye mashine ya kazi. Wa tatu ni kompyuta yenyewe: katika maabara nyingi mashine hurudishwa hali yake ya awali kila inapowashwa, na wakati mwingine Windows hushindwa kusoma akaunti yako ikakupa ya muda, inayofutwa ukitoka. Ikikuandikia ujumbe kwamba umeingia kwa wasifu wa muda, acha kupanga paneli na umwite anayeshughulikia mtandao.

Vipi kama mafaili yapo, ruhusa ipo, tiki ziko sawa, na bado? Huenda faili lenyewe limeharibika. Hapa wengi hubonyeza Ctrl, Alt na Shift wakati Photoshop inafunguka, na mapendeleo yote yanafutwa. Inafanya kazi, na Krita, programu ya kuchora, pia ina njia hiyo hiyo, lakini ni kuchoma nyumba ili umuue panya. Mimi hufunga programu na kuibadilisha folda jina, kwa mfano ile ya GIMP inayoitwa 2.10 naiita 2.10-zamani. Programu ikifunguka inatengeneza folda mpya safi. Nikiona sasa inakumbuka, naifunga tena na kurudisha vitu vyangu kimoja kimoja kutoka folda ya zamani: brashi kwanza, kisha njia za mkato, nikijaribu kila hatua. Faili litakalorudisha ugonjwa ndilo lenye kosa.

Nimesema naifunga tena, na nasisitiza. Ukirudisha mafaili huku programu ikiwa wazi, itakapotoka itaandika yale iliyo nayo kichwani juu ya yale uliyorudisha. Nimeshuhudia mtu akirudisha nakala rudufu nzuri kabisa mara mbili, na mara zote mbili programu ikaila.

Kwa hiyo usingoje ajali. Ukishatengeneza seti ya vitendo kwenye Photoshop, ihifadhi kama faili la .atn, chagua seti yenyewe, maana ukichagua kitendo kimoja ndani yake agizo la kuhifadhi linakuwa kijivu na utadhani limeharibika. Brashi zitoe kama .abr. Mafaili hayo yaweke mbali na folda ya programu.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu linafanana na kupoteza na sivyo. Toleo jipya mara nyingi huja na folda yake. GIMP ilipofika 3.0 mwaka 2025, ilianza kutumia folda inayoitwa 3.0, na ile ya 2.10 ikabaki kando yake. Na ukihamia toleo la Flatpak, aina ya kifurushi cha programu kwenye Linux, mara nyingi folda inakuwa ndani ya .var/app, mbali kabisa na .config. Nilipoteza mchana mzima nikirekebisha faili la njia za mkato, nikifungua, nikifunga, nikitukana kimoyomoyo, kumbe nimefungua folda ya toleo nililokwisha kuliacha. Tarehe ya faili ilikuwa ya miezi minane nyuma, imeandikwa wazi mbele ya macho yangu.