Re: Bond wa Brooke Bond alikuwa nani?

Mambo mkuu, umesema umemtafuta Bond wa kampuni ya chai ya Brooke Bond siku 3 na hupati hata alikozaliwa. Hata mimi nilikwama hapohapo, hutampata maana hakuwepo. Mwenye biashara alikuwa Arthur Brooke peke yake, kazaliwa 1845 Ashton-under-Lyne, Uingereza, babake naye alikuwa mtu wa majani ya chai, basi 1869 akafungua duka lake Manchester, Market Street, na hilo neno "Bond" kwa Kiingereza ni ahadi, yaani anawaahidi wateja chai nzuri, ila kwa masikio yetu ni kama kuna partner (janja ya biashara hiyo). Anza habari zake na 1869 Manchester. Mambo ya chai ya Kericho, Kenya, usimbambikie, kampuni ilifika huko miaka ya 1920, yeye alishafariki 1918.