Rapa anaweza kuongoza muvi za kungfu?

SWALI: Shikamoo anko mhariri, mi nachana hiphop hapa Mwanga, Kigoma, ila siku hizi nataka kuongoza muvi za kungfu, washkaji wanasema mwanamuziki abaki na maiki yake. Kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli hata kidogo! Mcheki RZA, rapa wa kundi la hiphop la Marekani, Wu-Tang Clan, jamaa kakulia kwenye muvi za kungfu za Shaolin mpaka albamu yao ya 1993 ikabeba jina la vyumba 36 kutoka kwenye muvi ya The 36th Chamber of Shaolin, baadae akatengeneza muziki wa muvi ya Kill Bill ya 2003 na akawa anaenda lokesheni kule China kumwangalia mwongozaji wake, Quentin Tarantino, anavyoongoza, yaani alikaa kama mwanafunzi kabisa wakati tayari ni staa, hapo ndo pa kuiga. Muvi ya kungfu ya The Man with the Iron Fists akaiongoza mwenyewe 2012, na akacheza humohumo.

Sikio lako la biti ni mtaji mkubwa, maana ngumi nazo zina mdundo. Anza na pambano fupi pale Ujiji chini ya miembe, chukua vijana wa karate wanaojua kuanguka bila kuumia, na kamera isikae karibu sana, tunataka tuone teke linatokea wapi linaishia wapi. Ukimaliza niletee nione.