Louvre Abu Dhabi: usiende jioni

Usiende jioni. Mleta mada, umeuliza kama inafaa kufanya ununuzi mchana kisha kuingia makumbusho ya sanaa ya Louvre Abu Dhabi saa kumi na moja jioni mwezi Desemba, kwa sababu wakala wako wa tiketi amekuambia kwamba saa hizo joto limepungua. Nami niliambiwa maneno hayo hayo na wakala ambaye, naamini sasa, hajawahi kukanyaga makumbusho yoyote, na ushauri wake ulinigharimu siku pekee niliyokuwa nayo mjini humo.

Desemba jua la huko huzama kabla ya saa kumi na mbili. Nilipomaliza foleni na ukaguzi, giza lilikuwa limeingia, nikabaki nimesimama chini ya kuba lenye kipenyo cha mita 180 kama fundi aliyeitwa kukagua paa la ghala. Kuba hilo alilolibuni Mfaransa Jean Nouvel, katika jengo lililofunguliwa Novemba 2017, lina tabaka nane za maumbo ya nyota yenye matundu, nne za nje za chuma cha pua na nne za ndani za alumini, jumla nyota 7,850, zilizopandanishwa ili mwale wa jua upenye tundu moja, uzibwe na jingine, hatimaye ufike chini umekatikakatika kama mwanga unaovuja kwenye paa la makuti. Jua likisogea, madoa hayo nayo husogea juu ya kuta nyeupe na juu ya maji ya bahari yaliyoingia kati ya majengo. Jua likizama, tani zipatazo 7,500 zinaning'inia tu. Picha zangu za usiku mama alizitazama kwa makini, akauliza kama ni stendi mpya ya mabasi.

Hoja ya joto ndiyo inayoniudhi zaidi, kwani kuba lenyewe limewekwa ili kuleta kivuli! Niliporudi mwaka uliofuata, kwa nauli nyingine na viza nyingine, niliingia saa tano asubuhi, nikapita vyumba vya maonyesho bila kugeuza shingo, nikakaa chini ya kuba hadi saa nane. Vyumba vina taa zake, hivyo nilivitembelea baadaye bila kupoteza kitu.

Basi geuza ratiba: kuba kwanza jua likiwa juu, maduka baadaye. Na ikiwa siku yako ni Jumatatu, mwambie huyo wakala aibadilishe leo, kwa maana Jumatatu huwa pamefungwa.