Nimepewa kuongoza wahandisi, sasa nimuulize nani?

Swali: Habari za kazi. Nilikuwa naandika programu, na tangu Januari naongoza wahandisi 9 katika kampuni ya malipo ya simu hapa Dar es Salaam. Bosi wangu ni mtu wa fedha, na walio chini yangu siwezi kuwaambia kila kitu. Nimo kwenye magrupu matatu ya WhatsApp ya watu wa teknolojia, lakini sipati msaada. Viongozi wenzangu nitawapataje? – Msomaji, Kinondoni

Jibu: Salama, ndugu yangu. Kwenye grupu la watu 400 huwezi kuandika kwamba mhandisi wako bora ameanza kulegea na unahisi anatafuta kazi kwingine. Huenda naye yumo humo. Unachohitaji ni kikundi cha watu 5 hadi 7. Wakiwa pungufu, wawili wakisafiri kikao kimekufa. Wakizidi, wengine watakaa kimya hadi mwisho.

Tafuta wanaoongoza wahandisi 5 hadi 20 katika sekta tofauti: benki, usafirishaji, mifumo ya hospitali, taasisi ya serikali. Utawakuta PyCon Tanzania (mkutano wa wanaotumia lugha ya programu ya Python) na mikutano ya Google Developer Groups (vikundi vya waandishi wa programu), lakini njia nzuri zaidi unayo tayari: ni wale mnaopigiana simu usiku miamala inapokwama kati ya mfumo wako na wao. Wameshaona unavyofanya kazi. Ila kampuni yako na ya mmoja wao zikiwa na mkataba, usimwingize kwenye kikundi, kwa sababu siku ya mgogoro wa malipo nyote wawili mtafunga midomo. Mwombe akuunganishe na mwingine.

Andaa majina 12 hivi, maana wengi wametingwa. Usimwandikie mtu kwamba unataka “kujenga mtandao”. Hatajua ajibu nini. Uliza jambo moja lenye mpaka: “Tuna watu 4 wanaopokezana zamu ya usiku na wamechoka. Kwenu mnapangaje? Naomba dakika 30.” Mkizungumza mara mbili na ukaona anasema hata yaliyomshinda, hapo mwalike.

Kaeni dakika 90 kila baada ya wiki 3. Saa 12 jioni foleni itawamaliza, hivyo fanyeni kwa video saa 3 usiku, na mkutane ana kwa ana Jumamosi moja kila robo mwaka. Kila kikao kina wenye shida wawili, kila mmoja dakika 40. Anaeleza kwa dakika 8, kisha kwa dakika 12 wengine wanauliza maswali tu, ushauri ni marufuku. Kipande hiki ndicho wahandisi hukiharibu, kwa kuwa tumezoea kurukia suluhisho, na mara nyingi shida iliyoletwa siyo shida yenyewe. Dakika 15 zinazofuata ni za “kwetu tulifanya hivi, ikatokea hivi”. Tano za mwisho mwenye shida anataja atakachofanya, na kikao kijacho mnaanzia hapo.

Kuhusu siri, wengi hutumia kanuni ya Chatham House, taasisi ya London ya masuala ya kimataifa, ya mwaka 1927: tumia ulichosikia, usimtaje aliyesema. Kwa Dar haitoshi. Ukisema “kampuni moja ya malipo, mfumo wake ulilala kwa saa tatu”, wote wameshaijua. Kubalianeni kwamba hakitoki kitu bila ruhusa ya msemaji. Taarifa za wateja, mishahara ya mtu mmoja mmoja na udhaifu wa kiusalama ambao haujazibwa visiletwe kabisa.

Msiahidiane kutochukuliana wahandisi, hata ahadi hiyo ikionekana ya kiungwana. Inamfungia mtu mlango bila yeye kujua. Marekani, mwaka 2015, Apple, Google, Intel na Adobe zilikubali kulipa dola milioni 415 kumaliza kesi iliyofunguliwa na wafanyakazi wao kuhusu makubaliano ya namna hiyo.

Mwanachama akikosa vikao viwili mfululizo, mpigie simu wewe mwenyewe, usiandike kwenye grupu. Kama kazi imembana, mwacheni apumzike na mchukue mwingine kutoka kwenye yale majina 12.