Usizitie milioni 3 zako kwenye vanila kabla hujasoma hapa

Wewe kijana wa Wete, Pemba, uloleta swali, simama hapo hapo. Umesema una miaka 24, unakaa kibanda cha wakala wa pesa toka saa moja asubuhi mpaka usiku, una milioni 3, na watu wa semina wamekwambia uzitie kwenye vanila shambani kwa babu yako. Ukauliza na habari za kusoma kilimo chuoni Kizimbani na kazi za bustani kwenye mahoteli ya Nungwi. Nimesoma tumbo likanikata, maana huyo ni mimi wa 2019, ila mimi nilikuwa na duka la vitambaa Chake.

Alonitia mimi ni bwana mmoja wa semina vile vile. Katuonesha bei ya vanila kavu ya Madagascar imepita dola 500 kwa kilo mwaka 2018, na hapo hakusema uongo, ilifika kweli. Lakini hakutaja kuwa bei ile huporomoka, na ikaja ikaporomoka vibaya, wala hakumuuliza hata mtu mmoja ukumbini wewe asubuhi unafanya kazi gani. Akatuuzia vipando shilingi 5,000 kimoja, nikachukua 300, na simu yake toka siku ile haipokelewi. Wallahi yule bwana namuona ni mwizi, kwa sababu alikuwa anaujua mmea vizuri tu.

Sikiliza mmea wenyewe ulivyo. Nimepanda, nimetia mibono vanila iipande na ipate kivuli, nimengoja, mwaka wa tatu maua yakaja. Ua la vanila linafunguka alfajiri na kufikia mchana limeshajifunga, ndo basi, halifunguki tena, na huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha, ni mkono wako. Unachukua mwiba wa mlimau, unachana ua kwa upande, unainua kijiulimi kinachotenga dume na jike, unabana kwa dole gumba. Na hayafunguki kwa pamoja, leo moja kesho jengine kwenye kishada hicho hicho, wiki baada ya wiki, kwa hiyo kila siku lazima uwepo.

Mimi shamba liko Mtambile, duka liko Chake na wateja wa vitambaa wanakuja asubuhi. Nikawa nafunga duka saa tano napanda gari nafika maua yameshanywea kama karatasi iloroa, ukiyagusa kesho yake yanadondoka. Nikamlipa kijana, naye ana pupa, akawa anavunja maua. Mwaka ule nimepata kilo 4 mbichi, kwa vipando 300! Na kilo moja kavu inataka kilo 5 mpaka 6 mbichi, hesabu mwenyewe. Duka nalo wateja wakahama, waliona linafungwa fungwa.

Ndo nakwambia, kila mmea una saa yake, angalia saa hiyo kabla hujaangalia bei. Mwani unafuata bamvua, yaani siku bahari inapokupwa sana, maji yakitoka saa nne wewe saa nne uko majini. Karafuu ikishageuka rangi lazima ichumwe kabla haijafunguka, haikungoji umalize shughuli zako. Ukijua saa ya mmea, tazama na saa zako, tazama na unachokijua tayari.

Mimi nilichokijua ni kuuza na kuongea na watu, basi sasa nina kitalu cha miche kando ya barabara. Namwagilia alfajiri na magharibi, mchana kutwa nauza. Akina mama wanakuja kutafuta asumini, mkilua, mlangilangi, wanaume wanataka shokishoki na miembe ilobebeshwa, nawaeleza kila mmoja shimo lichimbwe vipi, wanarudi wenyewe. Na wewe unahudumia watu siku nzima na hesabu za pesa hazikupotei, hicho ni kipaji mdogo wangu, usikizike shambani kwa babu yako kwa sababu ya picha za semina.

Hizo milioni 3 usizitoe bado. Kwanza tafuta mtu mwenye vanila inayotoa maua, umwombe ukafanye nae kazi msimu mmoja, bure kama hakulipi. Halafu nijibu hapa hapa: saa moja asubuhi maua yakiwa wazi shambani, hicho kibanda nani anakaa?