Kuvuka Kitulo kwa magari ya abiria: uliza gari linalala wapi

Kila nikionyesha picha za Kitulo, ule uwanda wa maua juu ya milima ya kusini mwa Tanzania, swali la kwanza ni lilelile: ulikodi gari la nani? Sikukodi. Nilipanda Noah, nikapanda kosta, na kipande kimoja nilikaa juu ya gunia la viazi. Milima ile inavukika kwa nauli za kawaida: unaanzia Chimala kwenye barabara kuu ya Mbeya, unapanda Matamba, unakatiza uwanda wa Kitulo, unashukia Makete, unatokea Njombe. Ila ukiipanga kama safari ya Dar, utalala usipopategemea.

Mimi nililala. Mara ya kwanza nilifika Chimala saa nne asubuhi, mpigadebe akaniapia kwamba gari linakwenda Makete moja kwa moja, nikalipa. Tukakaa tukisubiri lijae hadi saa nane mchana. Kuingia Matamba ni saa kumi na moja jioni, abiria wote wakashuka, konda akaanza kufungua turubai kwenye keria. Nikamuuliza, na Makete je? Akacheka. Mama mmoja muuza chai ndiye aliyenihurumia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama viatu, kisha akasema, "La Makete liliondoka alfajiri, mwanangu. Katafute pa kulala kabla baridi haijakukuta na hicho kishati."

Usiku ule, nimejifunika mablanketi mawili ya gesti, ndipo nilipoelewa magari ya milimani yanavyofanya kazi. Gari la kijijini ni la kijijini. Linalala kwa mwenyewe, linaamka gizani kuwapeleka watu mjini au sokoni, na mchana linageuza kurudi na mizigo. Kwa hiyo anayetoka bondeni hupanda na magari yanayorudi nyumbani, naye hufika jioni. Anayetaka kushuka upande wa pili anapaswa kuwa stendi kabla jogoo hajawika. Magari hayo mawili hayakutani. Usiku mmoja katikati ya safari ni lazima, basi uchague mwenyewe uwe wapi.

Tangu siku hiyo siulizi tena "gari linaondoka saa ngapi?" Saa ya kuondoka ni maneno tu. Nauliza "gari hili linalala wapi?", na namuuliza dereva, simuulizi mpigadebe. Akisema linalala Matamba, najua mwisho wangu ni Matamba, hata kama tiketi imeandikwa mbinguni. Nikifika, kabla ya kutafuta chumba, natafuta dereva wa kesho, nachukua namba yake na kumwomba aniwekee siti. Mara ya pili dereva alikuja kunigongea dirisha mwenyewe, saa kumi na moja alfajiri.

Sasa ile barabara. Kutoka Chimala unapanda ukuta wa mlima kwa kona zinazoitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ndivyo zilivyo. Nilijaribu kuzihesabu, nikapotea kwenye thelathini na kitu pale mtoto wa jirani yangu alipotapika. Watu huniuliza wakae upande gani wa gari ili waone vizuri. Popote! Kila kona inageuza gari, mwenye dirisha la kulia akiona bonde la Usangu na majaruba ya mpunga, dakika mbili baadaye ni zamu ya wa kushoto. Muhimu ni kukaa mbele kama tumbo lako ni jepesi, na kutokula wali nyama pale Chimala dakika tano kabla ya kuondoka. Nilipopita, njia ilikuwa ya vumbi. Tulipopishana na lori lililoshuka na viazi vya lumbesa, gari letu lilirudi nyuma kidogo, utingo akaruka chini na jiwe lake akalisukuma nyuma ya tairi kabla dereva hajasema neno. Lile jiwe lilikuwa limeng'aa kwa kushikwa.

Usangu iko mita elfu moja na ushee juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo ni kama 2,600. Tofauti hiyo utaisikia masikioni na kwenye vidole. Juni na Julai kuna jalidi asubuhi, nyasi zinakuwa nyeupe, lakini maua hakuna. Ukitaka maua, nenda kati ya Desemba na Aprili, ambayo ndiyo miezi ya mvua na matope. Ushauri wangu: fuata maua, ongeza siku moja ya akiba, na usiwe na kikao kazini kesho yake. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Zimehesabiwa aina 45 za maua ya okidi, ambayo mizizi yake minene kama viazi ilikuwa ikichimbwa na kuvushwa Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Ukiwa ndani ya gari utayaona kama rangi tu zinazopita. Ukitaka kutembea kati yake, siku ile uliyofika Matamba pitia ofisi ya hifadhi uulize taratibu na malipo. Usimwambie dereva akushushe tu njiani.

Bodaboda ya kuvuka uwanda wote sikushauri. Nilijaribu nusu njia. Mikono iliganda hadi nikashindwa kuhesabu chenji, na yule kijana aliyeniendesha alikuwa amevaa makoti mawili.

Chukua noti ndogondogo, maana mtandao hukatika na hakuna mwenye chenji ya elfu kumi saa kumi na moja alfajiri. Begi liwe dogo la kupakata, kwa sababu keria ni ya viazi.

Makete hadi Njombe ni lami, nusu ya gari hulala usingizi, na mimi hulala pia. Kuanzia Njombe magari ni mengi, ya Makambako, ya Songea, ya Dar, na hayo yana saa za kuondoka kweli. Huko hunihitaji.